Sweta la Profesa

Tarehe 6 Februari

Dada yangu mpenzi, mtaalamu wetu wa afya ya jamii,

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, na nyingine za akiba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako amehamishiwa tawi jipya la benki, sasa anarudi nyumbani mapema, jambo lililoongeza amani na kupunguza uhuru wangu. Mtoto ameota meno ya mbele na anauma kila anachokutana nacho, pamoja na rasimu zangu. Mama anaendeleaje na jicho? Mwambie nilitaka sana kuja alipofanyiwa upasuaji, ila ratiba ya mitihani ilinibana. Yeye anaelewa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Tangu shangazi asambaze ujumbe wangu wa sauti kwenye kundi la familia, simu siiamini tena. Karatasi ukishaisoma unaichana, mambo yamekwisha.

Huku chuoni kuna mageuzi. Seneti imeamua kwamba kuanzia mwaka huu hakuna mhadhiri atakayepandishwa kuwa profesa mpaka aonyeshe kazi zake zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Ni haki kabisa. Zamani watu walipandishwa kwa mvi. Tatizo ni nani ahesabu, maana kanzidata za kuhesabu ni nyingi na kila moja ina hesabu yake. Mimi ndiye katibu wa kamati ndogo ya kuzilinganisha.

Zimebaki mbili. Moja ni ya bure. Tumeibatiza Kokoro, kama ule wavu wa wavuvi, kwa sababu inazoa kila kitu kilichomo mtandaoni: samaki, magamba, na ndala ya mtu iliyopotea. Mkuu wa idara yetu alikuta humo ratiba yake ya vipindi imehesabiwa kama kitabu. Ya pili ni ya kulipia, na ada yake inatosha kuezeka maktaba. Hiyo tunaiita Bawabu. Inasimama mlangoni, inaangalia viatu vyako, na majarida isiyoyajua hayapiti. Nimejitazama kwenye Kokoro, bila nia yoyote, nikajikuta siko vibaya. Nina mia nne na ushee.

Jambo dogo kabla sijafunga. Huenda ukapata ujumbe wa kukutaka ujiandikishe upewe kitu kinaitwa namba ya mtafiti. Usijiandikishe. Ni matapeli. Futa tu.

Mdogo wako akupendaye,
Daktari


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika. Nashukuru kwa heshima zote, na zile za akiba nimeziweka kabatini, huenda zikahitajika.

Mama amefunguliwa bendeji. Anaona. Kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi juu ya friji yangu, na mpaka leo hatujamaliza mazungumzo hayo. Nilipomsomea pale ulipoandika "yeye anaelewa," aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba maji ya kunywa.

Kazini tuko kwenye ukaguzi wa mabucha na majiko ya shule. Jana mwenye bucha mmoja aliniapia kwamba nzi waliomo si wake, ni wa jirani. Nikamwambia basi awarudishe.

Sasa tuje kwetu. Ni miaka sita tangu sherehe yako ya udaktari. Siku ile uliniita mbele ya wakubwa zako ukasema, "Na huyu ni dada yangu mkubwa, Bibi Vyoo." Walicheka, nami nikaendelea kugawa soda. Kwa hiyo nilipojiona leo nimekuwa mtaalamu wa afya ya jamii, nilijua kuna kitu kinatafutwa, na kinatafutwa kwangu.

Ule ujumbe wa matapeli niliupata kabla ya barua yako. Umetoka chuo cha afya nilikosomea, na tapeli aliyeusaini ni mkutubi ninayemfahamu tangu ana nywele. Anatuomba sote tuliowahi kuchapisha chochote tuchukue namba, ili kazi zetu zisichanganyike na za watu wengine. Nikajiuliza, kwa nini mdogo wangu hataki kazi zangu zitenganishwe? Nikakaa kwenye kompyuta ya ofisi, nikaingia kwenye hilo Kokoro lako, nikaandika ile herufi inayoanzia majina yetu na jina la babu.

Ukatokea wewe, umevaa tai. Chini ya tai kuna "Saa ya Ukutani Kituoni kama Chombo cha Utawala," mara mbili. "Wapakiaji Mizigo na Historia ya Vituo vya Reli," mara nne. Na juu ya zote, imekaa kama bibi harusi: "Umiliki wa Vyoo na Ugonjwa wa Kuhara katika Kata Mbili," mara mia nne na kumi na tisa.

Nilicheka mpaka karani akachungulia.

Hii ni kazi ya Mama. Kokoro halina kosa. Alitupa sote majina yanayoanza na herufi moja ili atarizi herufi hiyo mara moja tu kwenye sweta la shule, halafu sweta lishuke kwa anayefuata bila kufumuliwa. Unakumbuka lile la bluu? Nilipovaa jipya likaniwasha shingoni, nilikuomba unirudishie la zamani. Ukakimbilia kwa Mama, akaniambia, "Sweta likishashuka halipandi." Sasa naona na makala yangu imeshuka.

Nina swali moja tu. Umeisoma?

Dada yako


Tarehe 14 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na nzi wa jirani. Nimefurahi Mama anaona. Mtoto sasa anasimama akishika meza. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama bado unatumia ule mkoba aliokununulia.

Nimecheka pamoja nawe. Lakini tuongee kama watu wazima. Sikuiba kitu. Niliamka siku moja nikaikuta makala yako kwenye ukurasa wangu, kama mtu anavyokuta paka kalala mlangoni kwake. Kokoro halijui mwanamke na mwanamume, halijui reli na choo. Linajua herufi na jina la babu, basi. Kwa Bawabu mambo ni tofauti, kule wewe uko chumba chako na mimi changu. Na chumba changu, nakuambia wewe tu, nimenukuliwa mara tano, na tatu kati ya hizo ni mimi mwenyewe nikijikumbuka.

Kiwango cha kuwa profesa ni mara mia tatu.

Sasa nikuulize kwa upole. Wewe idadi hiyo inakusaidia nini? Ukiingia kwenye bucha, kuna anayekuuliza umenukuliwa mara ngapi? Kwako imelala kama sahani za kabati la wageni. Kwangu ni mlango. Nina miaka kumi na moja kwenye chumba ninachogawana na mwalimu wa jiografia, tumetenganishwa na kabati la mafaili, na yeye anakohoa. Profesa hupewa chumba chake, chenye dirisha. Mimi sitaki makuu, Dada. Nataka dirisha.

Ninachoomba ni subira tu. Usichukue hiyo namba mpaka kamati imalize kazi. Damu yetu moja, herufi moja, jina la babu moja. Aliyetutenganisha ni nani?

Pia kuna semina. Kila mwombaji atawasilisha mbele ya ukumbi kazi yake iliyonukuliwa kuliko zote. Unaelewa ninapoelekea. Nitumie muhtasari wa ukurasa mmoja. Kuisoma nitaisoma, lakini mezani kwangu kuna rundo la mitihani linalonifika kidevuni.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkoba wa wifi nautumia, unabeba chupa zangu za sampuli za maji.

Mama hajambo, isipokuwa daktari wa macho anasema anahitaji miwani ya kusomea, naye amechagua fremu ya bei ya juu kwa sababu, anasema, mama wa profesa hawezi kuvaa plastiki. Ndiyo, ameshaanza. Juzi alimwambia muuza mkaa, "Mwanangu Profesa hali maharage yenye chumvi nyingi." Mimi sikumwambia kitu kuhusu cheo. Nadhani mkeo amepiga simu.

Namba sitachukua. Subira umepewa. Makala chukua, chukua yote mpaka na alama za vituo.

Muhtasari huu hapa. Makala ina kurasa nne, moja ni jedwali na nusu ya nyingine ni shukrani. Niliandika nikiwa na mwaka wa pili kazini. Tulipita nyumba kwa nyumba katika kata mbili tukiuliza maswali mawili: je, mna choo, na je, mwezi huu kuna mtu ameugua kuhara. Matokeo ni kwamba kaya zenye choo ziliugua zaidi kuliko kaya zisizo na choo. Hitimisho linasema wataalamu wachunguze kwa nini choo kinaleta ugonjwa.

Hivyo ndivyo makala inavyosema, neno kwa neno, sijaongeza chumvi. Lakini isome mwenyewe. Na hao mia nne walioinukuu, mchukue hata mmoja, yeyote, uone amesema nini. Kuhesabu wageni ni jambo moja, kujua wamekuja harusini au msibani ni jingine.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada, Dada, Dada!

Salamu kwanza. Mtoto ametembea! Alitembea kutoka kwenye kochi mpaka kwenye rafu ya vitabu, akachomoa tasnifu yangu, akaketi juu yake.

Sasa sikiliza. Kwa nini hukuwahi kuniambia umeandika kitu kikubwa hivi? Choo kinaleta ugonjwa! Nilipousoma muhtasari wako sikulala. Wewe uliona takwimu, mimi niliona historia. Choo ni kituo cha reli cha nyumbani! Serikali inakuletea usasa, unaupokea kwa shangwe, halafu usasa wenyewe unakuuma tumbo. Nimeandika kurasa thelathini. Semina yangu inaitwa "Choo kama Ahadi Iliyovunjwa: Historia ya Usasa Unaougua." Mwenyekiti wa kamati alipoona kichwa hicho alivua miwani. Akasema, "Daktari, hivi ndivyo tunavyotaka. Mtu wa reli ameingia chooni! Huku ndiko kuvuka mipaka ya taaluma."

Na kamati imemaliza. Tumechagua Kokoro. Nilieleza kwamba Bawabu ni ghali, ina majivuno, na majarida mengi ya kwetu haiyapokei. Yote hayo ni kweli, Dada, hata wewe huwezi kupinga. Tena Bawabu ina vurugu: pembeni ya baadhi ya makala inabandika alama nyekundu. Yako inayo. Sikuifungua, nadhani ni tangazo la kulipia. Kokoro halina takataka hizo.

Ili asitokee wa kusema nimejipendelea, nimependekeza kipengele kikali, nacho kimepita: kila profesa atahakikiwa upya kila mwezi wa Desemba, kwa kanzidata hiyohiyo, na akishuka chini ya mia tatu anavuliwa cheo. Nilijisikia mwadilifu.

Semina ni tarehe 22 Mei. Wifi yako ameshaagiza kibao cha mlango. Kuhusu miwani ya Mama, naomba mambo ya fremu yasubiri. Barua yoyote ya miwani nitaifungua kwa moyo mweupe semina ikishapita.

Profesa (karibu)


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Miwani nimeshailipia, kwa hiyo hii si barua ya miwani. Kaa chini.

Ile makala ni kosa tupu.

Fomu za kata ya kwanza niliziandika mimi. Mle, moja ilimaanisha "ndiyo, tuna choo," na mbili "hapana." Fomu za kata ya pili ziliandikwa na mwenzangu, na kwake moja ilikuwa "hapana," mbili "ndiyo." Nikazijumlisha zote kana kwamba zinasema lugha moja. Kata ya pili ilikuwa kubwa, na nusu yake haikuwa na choo, na ndiyo iliyougua. Kwenye jedwali langu watu hao wote wasio na choo wakawa na vyoo. Nikatangaza kwamba choo kinaleta ugonjwa, nikatia sahihi, nikaweka na shukrani.

Masahihisho niliyatuma na jarida likayachapisha toleo lililofuata. Ile alama nyekundu ya Bawabu ndiyo masahihisho yenyewe. Ungeibonyeza mara moja tu ungeyaona. Kokoro lako halikuyazoa.

Na hao mia nne na kumi na tisa hawakuisifu. Wanaitaja kuwaonya wanafunzi. Kila mwalimu wa takwimu za afya anayetaka mfano wa upuuzi anaichukua ile, kwa sababu ni fupi na inachekesha. Ndiyo maana nilikuuliza umeisoma, nikakuambia uisome mwenyewe. Ungesoma hata mmoja wao ungejua.

Kwa nini sikusema wazi mwezi uliopita? Kwa sababu ya soda nilizogawa siku ile. Nilitaka ugundue mwenyewe, uone haya peke yako chumbani na mwalimu wa jiografia anakohoa, basi tuwe sawa. Sikujua utaandika kurasa thelathini. Sikujua utakipeleka choo changu ukumbini.

Usisimame na hiyo makala. Wasilisha wapakiaji mizigo wako, hata kama wamenukuliwa mara nne. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii ina tundu palepale.

Juu ya bahasha nimeandika FUNGUA KABLA YA SEMINA. Fungua.

Dada yako


Tarehe 12 Juni

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto anasema neno moja, nalo ni "hapana."

Barua yako ya tarehe 9 Mei nimeisoma jana. Ilifika kwa wakati. Nilipoona mwandiko wako na maandishi makubwa juu ya bahasha, nikasema hii ni miwani, nikaiweka chini ya kikombe cha kalamu. Ilikaa pale siku ya semina, na mimi nilikunywa chai pembeni yake kabla ya kuteremka ukumbini.

Nitakueleza mara moja tu, tusirudie tena.

Ukumbi ulijaa. Nilisema kwa dakika arobaini, na nilisema vizuri. Nilipofika kwenye "choo ni kituo cha reli cha nyumbani" mtu alipiga makofi. Kisha wakaruhusu maswali. Akasimama mama mmoja wa kitivo cha afya, mnene kidogo, mpole, ameshika mkoba kifuani.

"Daktari, samahani. Hii ndiyo ile makala ya vyoo?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ile yenyewe?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Aa, hapana. Namshukuru Mungu ipo hii tu. Sisi huifundisha mwaka wa kwanza, wiki ya pili. Somo ni 'Usijumlishe Fomu Kabla Hujazisoma.'"

Dada, kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mwalimu wa jiografia alicheka mpaka akapona kikohozi. Yule mama aliinua mkono akawanyamazisha, naye alikuwa ananionea huruma kwelikweli, ndicho kilichoniumiza. Akauliza, "Na ni wewe mwenyewe uliyeiandika?"

Hapo nilikuwa na majibu mawili. Ningesema "hapana, ni dada yangu," mia nne na kumi na tisa zingeondoka palepale, na mimi nimekaa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Nikatazama dirisha la ukumbi. Nikasema, "Ndiyo, ni mimi."

Kwa hiyo sasa kosa lako ni langu, mbele ya mashahidi.

Utafikiri nilianguka. Sikuanguka! Mjumbe mmoja wa kamati alitaka jina langu lifutwe, akasema mtu hawezi kupewa uprofesa kwa kuwa mfano wa upuuzi. Mwenyekiti akafungua kanuni, zile nilizoziandika mimi, akasoma kwa sauti: "kunukuliwa." Akasema, "Hapa hapajaandikwa kusifiwa. Hesabu ni hesabu." Nimepita. Barua ya cheo ninayo. Chumba ninacho, na dirisha linatazama bustani.

Lakini siketi humo kwa raha. Kibao alichoagiza wifi yako kilikaa siku mbili, siku ya tatu nikakuta kando yake pamebandikwa ile picha ya mwanamume wa milango ya vyooni. Nikabandua. Ikarudi. Wanafunzi hawabishi hodi tena, wanagonga na kuuliza, "Kuna mtu?" Nikijibu "ndiyo," wanasema, "Samahani, tutasubiri." Mimi naitwa Profesa Choo, Dada. Hata mlinzi wa geti ananiita hivyo, na yeye hata hajui kwa nini, anadhani ni jina la ukoo.

Sasa naomba hisani ya mwisho. Cheo kimeshatoka. Nenda kwa yule mkutubi wako, chukua namba ya mtafiti, uidai makala yako irudi kwako. Ikishatoka kwenye ukurasa wangu, baada ya mwaka mmoja watu watakuwa wamesahau. Wewe huna cha kupoteza, huko kwenye mabucha hakuna anayesoma haya. Nakuomba kwa damu yetu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Julai

Profesa,

Marahaba. Mama anakusalimu. Miwani imekuja, fremu ya dhahabu bandia. Kitu cha kwanza alichosoma nayo ni barua yako, nilikuwa nimeiacha mezani kwa makusudi. Alifika kwenye "Kuna mtu?" akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akasoma tena. Akasema, "Lakini amepata chumba?" Nikamwambia amepata. "Chenye dirisha?" Nikamwambia kinatazama bustani. Akasema, "Basi afungue, hewa iingie."

Mwambie mtoto shangazi yake anamwonea fahari. "Hapana" ni neno zuri, wengine tumechelewa kulijua.

Nilisoma ombi lako, halafu nikaitoa barua yako ya mwezi wa nne nikaisoma tena, maana mimi huwa nasoma. Umesahau kipengele chako kikali. Desemba wanahesabu upya, kwa Kokoro hilohilo, na anayeshuka chini ya mia tatu anavuliwa. Nikiichukua makala yangu, utabaki na sita, nusu yake ni wewe unajikumbuka. Kibao kitashuka, picha ya choo itashuka nacho, nawe utarudi nyuma ya kabati la mafaili. Hukuliona hilo. Kipengele ulikiandika mwenyewe na bado hukukisoma.

Pale ukumbini, nakupa haki yako, ungeweza kunitaja. Ungesema "ni Bibi Vyoo," wangecheka, na kicheko kingekuja kwangu kama siku ile ya soda. Ulinyamaza kwa ajili ya dirisha, si kwa ajili yangu, najua. Lakini ulinyamaza.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mkutubi. Kipara kinang'aa kuliko cha mwaka jana. Nimepewa namba yangu. Mashine ikatafuta jina la babu, ikaniletea makala moja tu, na chini yake ikauliza: "Je, kazi hii ni yako?" Pana vitufe viwili, "Ndiyo" na "Hapana." Nilivitazama kwa uangalifu sana safari hii, nisichanganye kipi ni kipi.

Mkutubi akasema, "Bonyeza tu, mama. Mia nne na kumi na tisa! Wengine wanalilia hata kumi."

Nikabonyeza "Hapana."

Ni yako, mdogo wangu, jedwali na shukrani na yote, na kila mwaka wanafunzi wapya wa wiki ya pili watakuongezea idadi. Hutashuka chini ya mia tatu mpaka ustaafu. Najua linawasha shingoni. Lakini Mama yuko hapa mezani na miwani yake mipya, na kanuni yake haijabadilika. Sweta likishashuka halipandi.

Dada yako,
aliyekuwa Bibi Vyoo